Mti Uliokaa Mbele

Mimi ni mpiga picha wa studio, na studio ndiyo iliyoniharibu. Mteja akijikunja, namwambia inua kidevu. Pazia likikunjamana, nalivuta. Siku nzima naamrisha, na watu wananitii kwa sababu wanataka kupendeza.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anauza dawa katika duka la dawa, na siku zake za mapumziko zote zinaishia msituni na kamera. Picha zake hazina watu. Ni miti tu, na msitu wenyewe ni fujo: mashina yameegemeana, mimea inaning'inia, matawi makavu kila mahali. Yeye anaikodolea macho fujo ile mpaka inakaa sawa.

"Hapa humwambii mtu inua kidevu, wifi," alinitania siku ya kwanza aliponichukua. "Mti hausogei. Sogea wewe."

Akanifundisha. Kamera ibaki begani kwanza. Tafuta shina moja linalokuvutia, kisha zunguka, chuchumaa, rudi nyuma, mpaka mengine yaachane nalo. Ukungu ukishuka, shukuru, maana unafuta vurugu za nyuma. Nilizunguka mpaka magoti yakaniuma, na nilichoambulia ni picha za kichaka.

Kuna mahali alipopapenda kuliko pote. Miti mikubwa myeupe imesimama kwa nafasi, na mbele yake mti mmoja mwembamba, umepinda, umekaa katikati ukiiziba ile mikubwa, kama mgeni asiyejua kuaga. Wifi alihangaika nao miaka na miaka. Kila akija anaujaribu, anashindwa, anacheka. "Huyu bado hajanikubali," anasema, na kwenda zake.

Juzi nilikwenda peke yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka vizuri ajabu, na mti ule umeganda palepale. Nikasogea kulia, nikasogea kushoto, hasira zikanipanda. Begini nilikuwa na msumeno mdogo ninaokatia mbao za fremu. Nikaukata mti ule. Nikauburuta vichakani, nikapaka kisiki matope ili weupe wake usionekane, nikapiga picha. Ilikuwa nzuri. Sijawahi kupiga nzuri kama ile, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kiherehere changu kikanifanya nimtumie wifi kwenye simu kabla hata sijafika nyumbani.

Jana akaja studio akitokea kazini, koti jeupe bado mwilini.

"Ulisimama wapi?"

"Palepale pako."

"Na ule mti?"

"Nilisogea kidogo," nikasema, nikajifanya nafuta lenzi.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Ukumbi wa maktaba ulikuwa umempa ukuta wa kutundika picha zake, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mume wangu alikuwa ameshawatangazia ndugu wote.

"Nimewapigia wa ukumbini," akasema. "Nimewaambia watoe zangu, waweke yako. Miaka yote napaangalia pale sioni kitu, wewe umekuja juzi tu ukaona. Jicho langu limechoka, wifi. Kamera yangu nitampa mtu mwenye macho."

Alisema bila wivu. Alinishika mkono na kunipongeza. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na studio yangu yote.

"Kesho asubuhi twende," nikamwambia.

Njiani leo alikuwa na furaha ya mwanafunzi. Ulichuchumaa? Uliegemea wapi? Kila swali lilinichoma. Tulipofika akaangaza huku na huku, akarudi nyuma, akadhani amepotea njia.

"Wifi, mti wenyewe uko wapi?"

"Niliukata." Neno moja lilipotoka, mengine yakafuata mbio. "Jicho lako halina tatizo. Hakukuwa na pa kusimama, nilikudanganya. Wapigie, warudishe picha zako. Nisamehe, wifi."

Aliinama, akasugua matope kwenye kisiki kwa kiganja mpaka weupe ukaonekana.

"Nitawapigia," akasema. Kisha akakionyesha kile kisiki. "Simama hapo."

Nikasimama. Akarudi nyuma na kamera, akachuchumaa, akaenda kulia, akaenda kushoto, akapiga magoti kwenye majani mabichi. Nilisubiri mlio wa kamera, haukuja. Nikamuuliza kama nitoke.

"Kaa hapohapo."

Akajaribu tena, kwa muda mrefu. Mwishowe akaishusha kamera, machozi yakimlengalenga.

"Ule mti nilijua iko siku nitaona pa kusimama nione nyuma yake," akasema. "Wewe, kila ninaposogea, nakuona wewe tu."