Futi Iliyokatika Ncha

Fundi hakukaa. Alishona pindo la suruali akalifumua, akafungua dirisha akalifunga, akarudi kwenye kitabu cha mazoezi kilichokuwa wazi kando ya cherehani.

"Wifi, ungekuwa kuku tungeshakula mayai," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa akishikiza vifungo kwenye kiti cha pili. "Soma swali."

Mtihani ulikuwa kesho. Chuo cha uuguzi alichokiomba fundi hakimpokei aliyefeli hesabu, na baada ya mwaka huu umri wake wa kujiunga ungekuwa umepita.

"Nukta moja ya grafu iko mbili, tatu. Nyingine iko kumi, saba. Tafuta nukta ya katikati." Akaandika bila kusita: nne, mbili.

Wifi yake akachungulia majibu nyuma ya kitabu. "Sita, tano."

"Kitabu kimekosea."

"Tangu asubuhi kinakosea tu? Maskini, nacho kirudie mtihani."

Fundi akacheka bila kupenda. Kanuni aliijua kwa moyo: jumlisha, gawa kwa mbili. Mkono ndio uliokataa. Akavuta futi yake ya kupimia nguo kutoka shingoni. Ncha yake ilikatika zamani, inchi mbili za mwanzo hazipo, naye hakununua nyingine. Huanzia kwenye mbili, kisha hutoa mbili. Mkono umezoea kutoa, wala haumwulizi mwenyewe.

Akachukua ukanda wa kitambaa, akaulaza kwenye futi toka mbili hadi kumi, akaukata hapo. Akaukunja katikati, akachomeka pini kwenye mkunjo, akaulaza tena palepale.

"Pini iko wapi?" aliuliza wifi yake.

"Sita." Akaigusa pini. "Nne ni urefu wa nusu. Sita ndipo mahali penyewe. Mimi napima suruali, wao wanauliza pini iko wapi!" Akaanza tena kuzunguka chumba.

"Si umeshajua? Kaa basi."

"Siwezi."

Asubuhi, kwenye chumba cha mtihani, mguu wake ulikanyaga cherehani isiyokuwepo.

"Mama, mguu," alinong'ona msimamizi. Akautuliza; ukaanza wa pili.

Swali likaja, lakini limegeuzwa: ncha moja ya mstari ni tatu, moja, nukta ya katikati ni saba, nne, tafuta ncha nyingine. Akajumlisha, akagawa. Tano, mbili na nusu. Jibu hilo lilikuwepo kati ya majibu manne ya kuchagua, limekaa kwa adabu. Akalitia alama, akageuza ukurasa.

Akaurudisha. Jibu lililokuja upesi hivyo lilimwasha kama lebo ya shati shingoni.

Akaweka kidole kwenye ukingo wa meza. Hapa tatu. Hapa saba, na saba ndiyo pini. Pini wameshampa! Toka tatu hadi pini ni nne, basi kitambaa kinaendelea nne nyingine: kumi na moja. Toka moja hadi nne ni tatu, na tatu nyingine: saba. Akafuta kwa nguvu hadi karatasi ikalegea, akatia alama upya, kisha akarudia maswali yote ya nyuma, moja baada ya jingine, akiwinda mengine yaliyokaa kwa adabu.

Matokeo yalipotoka, wifi yake ndiye aliyeyasoma kwenye simu, maana fundi alikuwa akizunguka meza.

"Kaa."

"Sema kwanza."

"Nimesema kaa, muuguzi."

Akakaa. Akakalia kifuko cha pini, akaruka juu tena.