Mafua Mapya

Tangazo mfamasia aliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akalibandika kwenye kioo cha duka la dawa: DAWA HII HAITIBU MAFUA SUGU. Redio zilikuwa zimetangaza kirusi cha mafua makali kisichosikia dawa, naye hakutaka watu wameze bure vidonge vyake vya mafua.

Kumbe amemwagia moto mafuta. Alipofungua dirisha, foleni ilikuwa imezunguka kona.

"Yangu mapya, dada! Ya jana jioni, hata lebo sijatoa!" fundi viatu alisema, akapiga chafya bila kuziba mdomo.

"Sugu hapo si mafua ya siku nyingi," mfamasia alijibu kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. "Ni kirusi ndicho..."

"Sema dawa mmewafichia wakubwa!" mtu alifoka kutoka nyuma ya foleni.

"Mwenye haki hanong'oni!" mwingine akadakia.

Ndipo dada wa mumewe akaipasua foleni kwa viwiko. Wifi hawa wawili hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi.

"Nipe ya mama."

"Anaendeleaje?"

"Si sugu, yamemwanza juzi. Asubuhi nilikuwa natafuta gari la kumpeleka hospitali, nikapita hapa, nikasoma tangazo lako. Nikamrudisha kitandani."

Mfamasia aliinama dirishani. "Anapumuaje?"

"Anahema kama kapanda mlima. Midomo imebadilika rangi. Utanipa dawa au unanihoji?"

"Wifi, vidonge hivi huenda visimsaidie kitu. Apelekwe hospitali sasa hivi. Twende."

"Jamani, sikieni!" Wifi aliwageukia watu. "Anamnyima dawa mama mkwe wake! Mgeni huyu tuliyemkaribisha wenyewe!"

Mfamasia alifunga dirisha, akatoka. Foleni ikamzomea. Mtu alimvuta koti jeupe hadi kifungo kikakatika, na ganda la chungwa likamgonga kisogoni. Hakugeuka. Alimshika wifi yake mkono, akamkokota hadi nyumbani kumchukua mama, huku akitukanwa njia nzima.

Hospitalini mama mkwe aliwekewa oksijeni. Daktari alitoka akiwa amekunja uso.

"Ni kirusi sugu. Tumembadilishia dawa, na pumzi imeanza kutulia. Lakini kwa nini mmekaa naye nyumbani mpaka hali hii?"

"Sugu vipi, na yamemwanza juzi?" wifi aliuliza.

"Kirusi ndicho sugu, mama. Kimeizoea dawa. Mgonjwa hata awe wa leo."

Daktari akaondoka. Mfamasia alikaa ukingoni mwa benchi, vidole vikitafuta kifungo kisichokuwepo.

"Wifi, nisamehe."

Wifi hakumtazama. Alivuta mkoba wake, akauweka katikati yao kama ukuta.

"Kumbe sugu ni mdudu," alisema. "Sasa ungeandika mdudu, ungekufa?"