Saa Iliyorudishwa Jumatatu

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga mahindi, nami sijaweza kuutoa kichwani tangu siku ile: kwamba saa ambayo serikali inaichukua kila Aprili hairudi kwa kila mtu. Nilicheka kama wenzangu. Kisha nikamtazama Ofelia, binti wa jirani yangu Bi Tomasa, nikaacha kucheka. Mimi nina mabinti watatu.

Ulikuwa mwaka 1996, mwaka wa kwanza wa saa ya kiangazi Mexico nzima: Aprili saa zote zinasogezwa mbele kwa saa moja, Oktoba zinarudishwa nyuma. Hapa kijijini El Bordo padri alitangaza misa kwa saa mbili, ya Mungu na ya serikali, na kila mtu akaja kwa ile aliyoipenda. Kuku walibaki na ya Mungu. Ofelia, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alifuata ya serikali kwa sababu kiwanda cha stroberi kilifuata hiyo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye meza ndefu na kuondoa vikonyo kwa kisu kidogo.

Aprili, mnyapara Evaristo aliisogeza saa ya ukutani mbele siku ya Jumapili, wanawake wakiwa majumbani kwao. Oktoba, serikali ilirudisha saa Jumapili vilevile, lakini Evaristo aliwaambia wanawake waje Jumatatu kwa saa ya kiangazi, kana kwamba haijarudishwa. Ilipofika saa nne, zamu ikiwa katikati, akapanda kiti, akaurudisha mshale kwenye saa tatu. Wakaondoa vikonyo vya saa ile mara ya pili.

Jumatano yake Ofelia alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Kwenye kopo la bluu, mama."

"Nini kiko kwenye kopo la bluu?"

Ofelia aliendelea kukunja. Saa moja baadaye Bi Tomasa alikuwa jikoni. "Ofelia, chumvi umeiweka wapi?" aliita, kisha akaenda mwenyewe kwenye kopo la bluu.

Alinisimulia kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu, tukianika nguo. "Shukuru," nikamwambia. "Wangu mpaka leo hawajanijibu la juzi."

Lakini yeye ni mama, alikwenda getini kwa kiwanda. "Nimekuja kuchukua saa ya mwanangu," akamwambia Evaristo.

"Tumeirudisha, mama. Tazama ukutani."

"Mliichukua akiwa amelala. Mmeirudisha akiwa amesimama mezani."

"Basi mfundishe kulala amesimama. Farasi anaweza, na hajasoma."

Kila mwaka ikawa hivyo, na kila mwaka Ofelia akawa mbele kwa saa moja zaidi. Mwaka wa sita Ofelia alishukuru kwa chakula cha jioni maharage yakiwa bado hayajachaguliwa. Mwaka wa kumi na mbili Bi Tomasa aliambiwa "Usiku mwema" asubuhi, akaitikia usiku, peke yake. Waliketi meza moja na hawakukutana. Kiwandani hakuna aliyelalamika. Wanawake wote wa mezani walikuwa mbele kwa pamoja, na Evaristo aliwasifu kwa kuwahi.

Oktoba 2022 saa ya kiangazi ikafutwa. Evaristo, mwenye mvi sasa, alipanda kiti Jumatatu, saa nne, kwa mara ya mwisho. Ofelia akawa mbele kwa saa ishirini na saba. Bi Tomasa alikwenda getini na fimbo yake.

"Sheria imekwisha, bwana. Mpeni saa zake."

"Sheria imekwisha, mama, na madai yamekwisha nayo."

Februari iliyofuata, Jumamosi saa saba mchana, Ofelia aliweka kijiko chini, akasema, "Najua, mama. Nakuona." Bi Tomasa alilihifadhi jibu, kama kawaida yake, kungojea swali.

Jumapili saa kumi jioni Ofelia alitoka chumbani amevaa nyeusi. Alifunika kioo, akawasha mishumaa minne kuzunguka kitanda cha mama yake, akapiga magoti, akalia. Kitandani hapakuwa na mtu. Bi Tomasa alikuwa uani anamenya maharage.

Alisimama mlangoni. "Mwanangu, bado nipo hapa," alisema. Ndipo akalikumbuka jibu la jana.

Alimaliza maharage, akahesabu saa ishirini na saba, akaniita. "Shoga, ni kesho jioni. Leta sukari, watu watakuwa wengi. Na usiniache nipakwe ile rangi ya mdomo ya mpwa wako."

"Ile hata mimi siitaki," nikasema.

Jumatatu Ofelia alipewa ruhusa ya msiba, siku moja. Saa nane mchana alikwenda makaburini, akatupa udongo juu ya majani, mahali ambapo hapakuwa na shimo. Bi Tomasa alifariki saa moja jioni. Tulimzika Jumanne saa kumi na moja jioni. Ofelia alikuwa kiwandani akiondoa vikonyo, maana ruhusa alikuwa ameshaitumia.

Wenye mabinti, epukeni haya:

Kuweka sahihi kwenye karatasi ya zamu kabla ya kuuliza inafuata saa ya nani.

Kukubali kurudishiwa kitu mkiwa kazini, kilichochukuliwa mkiwa nyumbani.

Kumsifu mtoto anayejibu kabla hajaulizwa.

Kwenda getini peke yenu. Bi Tomasa alikwenda peke yake mara zote, nasi tulikuwa tunaanika.

Kuacha kuuliza swali kwa kuwa jibu mnalo tayari.