Sikio la Kondoo na Mtihani wa Inji

Mjukuu wangu Inji alirudi nyumbani macho mekundu. Anasomea udaktari hapa mjini Tanta, Misri, na alikuwa ameshaanguka mtihani wa mdomo mara moja. Akianguka tena Jumamosi, anarudia mwaka mzima.

"Kipi kinakushinda?"

"Gegedu, Bibi. Ziko aina tatu, na kwenye kitabu naziona zote sawa. Profesa anaweka kipande kwenye sahani, mimi nababaika."

"Gegedu ndiyo kitu gani?"

Akanishika pua, akaitikisa. "Hii hapa."

"Miaka arobaini napika makongoro, kumbe mimi mwenyewe ni profesa, sijijui!"

Nikafunga kitabu chake. Nikaleta sinia la vitu vya supu ya Ijumaa, nikamfunga macho kwa mtandio wangu.

"Shika."

"Linakunjika, nikiliachia linarudi. Sikio la kondoo!"

"Na hii?"

"Inateleza kama kioo kilicholowa. Ncha ya mfupa, kwenye kiungo."

"Hiki je?"

Akabinya kwa nguvu. "Kigumu, kina nyuzinyuzi. Kinakaa kati ya pingili za mgongo. Ooh, Bibi! Aina zote tatu: nyumbufu, angavu, ya nyuzi!"

"Majina yako siyajui. Shika hii."

"Kano. Inashikilia msuli kwenye mfupa."

"Hiyo usiiguse kwa meno kabla ya masaa matatu motoni."

Jumamosi, mbele ya profesa, akafumba macho na kupapasa sahani.

"Umelala, daktari?"

"Napika, Profesa."

Vipande vyote akavitaja sawasawa. Ndipo mzee yule akamtega: kano ikichemshwa sana inakuwaje?

"Kolajeni yake inayeyukia kwenye mchuzi, Profesa. Mchuzi unanata midomoni, ukipoa unaganda. Masaa matatu, na hiliki. Chumvi mwishoni, ama sivyo Bibi atakugombeza."

Profesa akaweka kalamu chini. "Mke wangu anaepua baada ya saa moja. Ndiyo maana kila Ijumaa natafuna kamba!"

Inji alipanda ngazi akipiga kelele hadi jengo zima likajua amefaulu. Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma.

"Profesa anauliza," akasema akihema, "siki na kitunguu saumu vinatiwa kabla ya kuepua au baada?"

"Mwambie hilo ni swali la mwaka wa pili," nikamjibu. "Aje na mkewe Ijumaa, mtihani tunafanyia hapa jikoni."