Jina Kwenye Jalada

Karatasi ikishatolewa kwa ajili ya vita, hairudi nyumbani. Watoto wote wa Millbrook walilijua hilo. Hata Dolores alilijua, ila macho hayana pazia: alipokiona kitabu cha katuni kwenye rundo la karatasi kanisani, zilizongoja kupelekwa kiwandani, akakificha ndani ya koti.

Mama yake, Verna, alimsikia akicheka jikoni.

"Mama, njoo umwone huyu mpelelezi! Anamsaka mwizi wa watoto, na mwenye akili ni bata wake!"

Bata alivaa kofia ya chuma. Verna naye akacheka, mpaka ukurasa wa mwisho. Palichorwa dirisha lenye bendera ya nyota moja ya buluu, kama ile waliyoitundika wao tangu baba yake Dolores aende vitani. Nyuma ya kioo, msichana wa misuko miwili kama ya Dolores. Langoni, mtu asiye na uso.

"Jana alikuwa barabarani," Dolores alisema huku akitafuna mkate. "Leo kafika langoni."

Kesho yake, pichani, mtu huyo alikuwa kwenye ngazi za mlangoni.

Kwenye jalada, jina la Harold Kessler lilikuwa limekatwa, na chini yake Dolores kaandika lake. Verna akakimbilia kwa Bi Kessler, ambaye nyota ya dirishani kwake ilikuwa ya dhahabu, kwani mwanawe Harold hakurudi kutoka vitani.

Bi Kessler hakukishika kitabu. "Nani kakata jina la mwanangu?"

"Watoto tu, Bi Kessler. Unawajua."

Aliwajua. Mjini pale kitabu hakiwi chako mpaka ukate jina la mwenzio, uandike lako.

"Huyo asiye na uso humfuata mwenye jina," Bi Kessler alisema. "Harold aliniambia, nikamcheka. Nimekitia motoni, moto haukitaki. Ndiyo nikakipeleka kanisani."

"Kwenye watoto wa wenzio?"

"Nilidhani kitakwenda kiwandani, Verna. Haki ya Mungu."

Verna alirudi mbio. Kitabuni, mkono ulikuwa umeshika kitasa. Dolores alikaa dirishani akisuka nywele za mwanasesere. Verna akachukua penseli, akakata jina la mwanawe, akaandika lake.

Dolores akachungulia, akacheka. "Mama! Mbona wewe ndo umo dirishani? Na aproni yako hiyohiyo!"

Kitasa cha mlango wa mbele kikazunguka taratibu. Dolores akainuka.

"Kaa hapo, mwanangu," Verna alisema, akijifuta mikono. "Huyo ni mgeni wangu."