Puti Chini ya Rangi

"Dada, hiki kitu chako kinalia kama mlango wa choo."

Fundi alimsogeza pembeni mdogo wake, dereva wa pikapu ile. Alikanyaga tairi, akapanda nyuma ya pikapu, akaishika kinga kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikalia. Ilikuwa na siku tatu tu tangu ifungwe nyuma ya kabini: nguzo mbili za bomba la mraba, vyuma vitatu vilivyolazwa, wavu wa kufunika kioo, na mabamba mawili yaliyobanwa kwenye bodi kwa bolti. Aliichora mwenyewe kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Kazi yake ilikuwa moja: siku breki itakapokanyagwa ghafla, mabomba yaliyobebwa nyuma yagonge chuma, si kisogo cha dereva.

Kwenye kona ya juu, rangi nyeusi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alichomeka bisibisi, akachokonoa. Kikadondoka kipande cha rangi ya waridi, kikavunjika kama biskuti.

Puti. Ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi za magari.

Akachokonoa kona ya pili. Puti. Ya tatu, puti, tena imepigwa msasa kwa ustadi hadi ikawa laini kama shavu la mtoto.

"Baba watoto! Njoo hapa!"

Mumewe, fundi rangi, alitoka nyuma ya turubai akijifuta mikono.

"Hii nini?"

"Puti."

"Mimi si kipofu. Inafanya nini hapa?"

"Palikuwa na mianya, nikaziba. Ulitaka iende na mianya?"

"Umeona mwanya kwenye chuma cha kuzuia mzigo, ukaupaka udongo? Hata kuuliza?"

"Mimi fundi rangi. Nikiona shimo naziba." Akamtazama usoni. "Na wewe mwenyewe ulisema tayari."

Alisema, kweli. Ijumaa alikuwa ameishikiza tu, nukta moja ya moto kila kona, kama mshonaji anavyoshikiza nguo kwa uzi mrefu kabla ya kushona. Simu ikaita, shule inamtaka mzazi sasa hivi. Akavua glavu, na akiwa getini akapaza sauti: "Ile ya dereva tayari!" Alimaanisha tayari kuchomelewa. Mumewe akasikia tayari kupakwa rangi.

Hilo lingesameheka. Lakini Jumatatu aliikuta inang'aa juu ya gari, na kitu kikamkwaruza rohoni. Akajiambia lazima aliimaliza, maana karakana ile kitu kisichomalizika hakipakwi rangi. Sheria aliiweka mwenyewe. Mageti manne yalikuwa yanamsubiri. Akageuka, akaendelea na mageti.

"Sasa?" mdogo wake aliuliza. "Nina mabomba ya saa nne. Nipigie moto juu juu, nitaendesha polepole."

"Juu ya puti moto haushiki. Utapata moshi tu."

"Basi nitarudi jioni. Dada, huyu mteja ananijaribu. Nikikosa leo anampa mwingine."

Mumewe alikuwa amesimama pale, puti bado imemganda kwenye kucha. Kumsukumia yeye kesi ilikuwa rahisi mno. Maneno yalishafika mdomoni, na ladha yake ikamtia kinyaa kuliko ule udongo.

"Shemeji yako kapaka uchafu," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyeiacha imeshikizwa. Na Jumatatu nilishuku, nikanyamaza."

"Ulishuku?"

"Ndiyo."

"Jumatatu si ndiyo siku uliyoniambia gari limependeza?"

"Ndiyo."

"Nami nikatembea nalo kifua mbele kama bwana harusi!" Alicheka kidogo, cheko bila furaha. "Jana nimebeba tani nzima, dada. Tani nzima mgongoni." Akaingia kabini, akatafuta ufunguo.

Fundi alivuta waya wa umeme hadi kwenye bodi. Aliwasha grenda. Cheche ziliruka, puti ikanuka kama plastiki inayoungua, na nguzo ya kushoto ikakatika chini kabisa, karibu na bamba. Akahamia ya kulia. Alipozima, kinga nzima ilikuwa imelala juu ya bodi, na hakuna mtu angeweza kupakia hata bomba moja.

"Haya, nenda," alisema.

Mdogo wake alimpigia mteja simu. Haikuchukua muda. "Sawa, mzee. Hapana, nimeelewa. Sawa."

Mumewe alichukua kwanguo bila kuambiwa, akachuchumaa, akaanza kukwangua kona ya kwanza hadi chuma kitupu. Fundi naye akaokota chaki.

Kabla ya kupima, aliinua macho. Kioo cha nyuma sasa hakikuwa na wavu. Ndani, mdogo wake alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, amefumba macho, na pale kisogo kilipogusa kioo paliachwa doa la mafuta ya nywele, dogo, la mviringo. Kijana akajigeuza kitini. Madoa yakawa mawili.