Urefu wa Daraja

Jumanne saa nne asubuhi, mwandishi wa taazia alikuwa akimenya yai juu ya gazeti kuukuu wakati mchora ramani, aliyezikwa Ijumaa, alipoingia na kuvuta kiti. Getini aliandikishwa kama mgeni yeyote. Mlinzi hakuwa na neno na wafu, ila hawakuwa na desturi ya kujaza muda wa kutoka.

Mchora ramani akatandaza magazeti mawili mezani. La Jumatatu lilikuwa na ukurasa mzima wa kaka yake, mhandisi wa daraja kubwa, aliyemtangulia kufa kwa siku moja. La Jumamosi lilikuwa na tangazo lake yeye: mistari minne, picha ya kitambulisho, na maneno "dada mpendwa wa marehemu mhandisi". Alikuja na rula. Ukurasa wa kaka ulikuwa na sentimita hamsini na mbili. Tangazo lake, tatu na nusu.

"Usidhani nina kijiba cha roho," alisema.

"Unacho, dada, na una haki." Mwandishi akamsogezea nusu ya yai.

"Haya, ninacho. Michoro yote ya lile daraja niliichora mimi. Yeye alitia sahihi tu. Nataka sentensi moja."

Mwandishi aliamini kwamba sentensi moja ya kweli haiwezi kukosa nafasi gazetini. Akaiandika, akaipeleka kwa mhariri. Mhariri aliisoma mara mbili, akaisifu, akasema lazima familia ithibitishe.

Kaka mtu hakuwa mbali. Tangu asubuhi alikuwa mapokezi, akilalamika kwamba mchezaji mpira aliyekufa juzi amewekewa picha ya rangi, na yeye nyeusi na nyeupe. Wakamwita.

"Mdogo wangu," alisema alipoelezwa, "watu wameshanilia. Unataka wafute machozi waanze upya?"

"Nataka wajue, kaka."

"Wajue nini? Daraja si limesimama?" Akamgeukia mhariri. "Na ile rangi, bosi, vipi?"

Mhariri akaikunja ile sentensi, akaitia mfukoni.

Mchora ramani alirudi mezani. Akaazima penseli. Kuna jambo lilikuwa likimkera tangu Jumatatu: ukurasa wa kaka yake ulisema daraja lina mita mia mbili na kumi na mbili. Akakata, akaandika mia mbili na kumi na nne.

Jumatano, ukurasa wa pili, chini kushoto, gazeti liliandika: "Masahihisho. Urefu wa daraja ni mita 214, si 212. Tunaishukuru familia ya marehemu mhandisi, ambaye umakini wake utakumbukwa daima."

Mchora ramani aliyasoma akiwa amesimama.

"Angalau sasa kipimo ni sahihi," mwandishi alisema kwa upole.

"Kilikuwa sahihi tangu siku niliyokichora," alijibu. Akaketi, akaomba kurasa za kesho azipitie.